Mashine Iliyogawanywa Kama Nyama ya Harusi

Badjanani, Moroni

Kwako Mwanaidi, mke wangu,

Naanza na salamu, ingawa najua ukishafungua bahasha hii macho yako yatazikimbia salamu yatafute jibu. Ngoja kidogo, mwenzangu. Niache nikusalimie kwanza, nimsalimie na mama kupitia kwako, niulize kifua chake kinaendeleaje na hizi baridi za alfajiri, niulize kama paa la jikoni bado linavuja pale pale juu ya jiko lako la vitumbua. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, nakohoa kidogo kwa ajili ya hizi dawa zetu za kazini, si kikohozi cha kukutia hofu. Roho ndiyo mbovu.

Barua yako imenifika. Umesema hutaki zawadi wala maneno matamu, unataka neno moja tu: mfungo ukiingia niwe nimesimama mlangoni, au nikuandikie talaka yako ujue moja. Umesema mjomba wako anakuuliza mbele ya watu wewe ni mke wa nani. Sikulaumu, Mwanaidi. Wallahi sikulaumu hata chembe. Ningekuwa wewe ningeandika makali kuliko hayo. Lakini kabla sijakujibu nataka ujue kilichonikwamisha huku, maana najua pale mtaani Tanga wameshasema nimeoa Mngazija, mwanamke wa kisiwa hiki cha Ngazija. Sijaoa mtu. Nimekwamishwa na mashine, tena ingekuwa mashine nzima nisingesema neno.

Unakumbuka nilivyoondoka. Walikuja watu wa huku kuomba mafundi kwa serikali yetu, nami nikatolewa kwenye kile kiwanda cha magodoro Dar es Salaam kwa sababu nilikuwa naijua sponji. Makubaliano yalikuwa niwachagulie mashine ya kumimina soli za viatu, niwafundishe kuitumia, viatu vya kwanza vikitoka nifunge mzigo wangu. Hayo yaliandikwa kwenye karatasi. Karatasi ikawekwa ofisini. Halafu vijana wa mapinduzi wakayatoa makaratasi ya ofisi zote wakayatia moto, ya Wafaransa na yasiyo ya Wafaransa, wakasema nchi inaanza upya. Langu lilikuwamo humo. Sasa limebaki neno la mdomo: viatu vikitoka, fundi ataondoka. Na pasi yangu ya kusafiria iko kabatini kwa kamati.

Usidhani ni watu wabaya. Hapana. Nchi hii imepata uhuru juzi tu, na Wafaransa walipoondoka waliondoka kwa hasira, madaktari wao, walimu wao, kila kitu. Halafu watu wa huku waliokuwa wakiishi Majunga, kule Bukini, wakafukuzwa, wakashushwa hapa na nguo walizovaa, wengi miguu mitupu juu ya mawe haya meusi ya volkano. Ndipo kamati ya mtaa wetu ikafikiri viatu. Mimi mwenyewe nilipowaona wale kina mama wakitembea kwa visigino nilisema haya, kazi hii ina maana. Mwenyekiti wa kamati ni Bwana Mmadi, kijana aliyekuwa akisomesha hesabu, mpole, msikilizaji, hapandishi sauti. Kiswahili chake cha kubahatisha na Kingazija changu hivyo hivyo. Tukikwama anatufasiria Koko Echata, bibi mwenye nyumba ninapolala, aliyeishi Unguja ujanani na Kiswahili chake ni safi kuliko changu. Koko ni bibi kwa lugha yao. Ananiita mwanangu na kunigombeza kama mama yangu hasa.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, na wewe mpika vitumbua utaielewa upesi. Kiwandani jina lake poliyurethani, wewe iite sponji. Kuna dawa mbili. Moja ya kahawia, nyepesi, harufu yake inachoma pua. Ya pili nzito kama asali. Kila moja peke yake haina kazi, ni uji tu. Zikikutana kwa kipimo chake zinapata moto zenyewe na kuumuka kama unga wako ulioshiba hamira. Tofauti ni kwamba unga wako unakusubiri. Hii haisubiri mtu. Ukishachanganya, uimimine kwenye kalibu, kile chombo chenye umbo la soli, ufunike, ukaze, yote kwa pumzi moja, la sivyo inakuumukia mkononi. Ukizidisha ya kahawia soli inakuwa ngumu, inakatika. Ukizidisha ile nzito inanata maisha, haikauki. Kwa hiyo mtu hachagui mashine kwa sura. Unachagua namna itakavyopima, itakavyochanganya na itakavyomimina.

Bwana Mmadi aliniuliza, "Fundi, kwa nini tusichanganye kwa ndoo na mwiko?" Nikamwambia kwa godoro inawezekana, unamwaga ndoo nzima mara moja. Soli ni kitu kidogo. Kila moja inataka kikombe chake, na kikombe kinaganda kabla hujafika kalibu ya pili. Utatupa vikombe kuliko utakavyopata viatu, na vipimo vya mkono leo hivi, kesho vile. Akauliza habari za lile dude kubwa aliloliona kwenye picha za mfanyabiashara anayeuza mashine, linalozirusha dawa kwa nguvu mpaka zinagongana na kuchanganyika zenyewe. Nikamwambia zuri sana, halihitaji hata kusuuzwa, lakini linataka umeme usiotetereka. Akacheka, maana umeme wa Moroni ana habari nao. Halafu lile dude limejengwa juu ya chuma kimoja, na karakana tuliyopewa ni ghala la zamani ndani ya vichochoro vya Badjanani, nyuma ya msikiti mkongwe wa Ijumaa. Huku ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Punda mwenyewe akikutana na mwenzake mmoja lazima arudi kinyumenyume.

Basi nikachagua ya tatu. Matangi mawili, kila tangi na pampu yake na miguu yake, na mipira miwili inayokuja kukutana kwenye kichwa kimoja chenye kipekecho ndani. Ukikandamiza mkono wake kinamimina kipimo kile kile, uwe umekiwekea soli ya mtoto au ya mtu mzima, kisha unakisuuza kabla dawa haijagandia ndani. Pampu zake za polepole, umeme ukikatika unazizungusha kwa mkono. Na zaidi ya yote, Mwanaidi, nilimwambia Bwana Mmadi kwa majivuno kabisa: hii inatenganishika. Tangi hili peke yake, tangi lile peke yake, watu wanabeba begani mpaka ndani ya vichochoro. Niliisifia kwa kitu hicho hicho. Kila nikikumbuka najisikia kulia.

Mashine ikafika, pamoja na mapipa ya dawa. Meli ilitia nanga nje, mzigo ukaja na boti mpaka gatini. Na gatini tukakuta wenzetu wa kisiwa cha Nzuani wameshafika kutoka Mutsamudu, wakiongozwa na Bi Zaliha, mwanamke mrefu, zamani karani wa bandari ya kwao na Kiswahili anakijua, sasa mkuu wa kamati yao. Walikuwa wamesikia kwamba mali ya nchi nzima inashushwa Moroni. Na serikali yenyewe imehubiri kila siku kwamba zamani Moroni ilikula peke yake, sasa kila kisiwa kitapata haki yake.

Hapa lazima nikueleze jambo la watu hawa. Walikuwa na harusi kubwa, harusi ambayo mwanamume anajiandalia nusu ya umri wake, na ng'ombe wakichinjwa nyama inagawanywa mafungu, kila mji fungu lake, kila cheo kipande chake. Ukimnyima mtu fungu lake hujamnyima nyama, umemwambia si mtu. Serikali ya vijana imezipiga marufuku harusi hizo. Imepiga marufuku karamu, dhahabu, ng'ombe, vyote. Kugawana mafungu hakujapigwa marufuku, kumo ndani ya damu.

Bi Zaliha akasimama akayatazama matangi mawili, kila moja ndani ya kasha lake. Akasema, "Alhamdulillahi, yamekuja mawili. Moja letu."

Nikaruka pale pale. Nikasema hapana, bibi, hiyo ni mashine moja. Koko Echata, ambaye alikuja kuangalia kama watu wengine, akawafasiria waliobaki. Mzee mmoja mchukuzi akanijibu kwa upole kabisa, "Na ng'ombe pia ni mmoja, fundi. Akigawanywa watu wanakula."

"Ng'ombe analiwa akiwa amekufa," nikamwambia. "Mashine naitaka hai."

Weee! Walicheka, wakapiga makofi, wakasema fundi huyu ana ulimi. Kisha wakagawa, Bwana Mmadi mwenyewe akiitikia. Tangi la dawa nzito na mapipa yake likabaki Moroni. Tangi la kahawia na mapipa yake likaenda Mutsamudu. Kikabaki kichwa cha kuchanganyia. Watu wakatazamana, mmoja akasema na Mwali je, kisiwa kidogo ndiyo kisipate? Kichwa kikapelekwa Mwali. Na Wamaore, wa kisiwa cha nne, wasingebaki na Wafaransa wao, nadhani wangepewa waya wa umeme.

Jioni nilimfuata Bwana Mmadi mpaka kwake. Nikamuuliza, wewe mtu wa hesabu, umekubalije? Akaniangalia kwa huruma. "Fundi, najua haitafanya kazi hivyo. Ningekataa mbele ya watu, kisiwa kizima kingeondoka pale kimetukanwa. Acha kwanza kila mtu ashike chake, moyo wake utulie. Kisha tutaunganisha polepole, bila kelele." Nikaona maneno ya busara. Nikaenda kulala nimeridhika.

Kumbe ndipo nilipozikwa. Fungu likishapokewa halirudi, Mwanaidi. Nani atalibeba alirudishe? Anayempelekea mwenzake fungu lake amejiweka chini yake. Moroni wakasema, sawa, tuunganishe, Mutsamudu walete lao huku. Mutsamudu wakasema, tuko tayari kabisa, Moroni walete lao huku. Mwali nao, nilisikia kichwa chao wamekiweka msikitini kisiibiwe. Nikawa mtu wa kwenda na kurudi na ujumbe, navuka bahari natapika, kila upande unanikaribisha, unanilisha, unanisikiliza, unanirudisha na jibu lile lile.

Mutsamudu nilikwenda mwenyewe mara ya mwisho na moyo wa kuomba. Ni mji mzuri, kuta zimebanana kama huku, na wanawake sasa wanakwenda kamatini vichwa wazi kwa amri, wengine wanaipenda amri hiyo na wengine wanajificha ndani isiwaone. Tangi langu nililikuta limesimamishwa ukumbini mwa kamati, limepigwa rangi ya kijani, limefunikwa kitambaa cha kudariziwa. Watu wanakuja kulitazama na watoto wao. Nikauliza mapipa yako wapi. Wakasema Patsy, kule juu mlimani, kuna baridi, hayataharibika. Nikapanda Patsy na Bi Zaliha. Njiani nilikuwa nasoma dua. Tulipofika nikakuta mapipa yamefunguliwa, kwa sababu watu wa Patsy nao walitaka kuona fungu lao lina nini ndani. Yakafunikwa kwa majani ya mgomba. Na dawa ile, ikinusa unyevu tu, inaota gamba. Kule Patsy ukungu unaingia mpaka mfukoni. Pipa moja lilikuwa jiwe tupu. Mengine yalikuwa na gamba nene juu, chini bado kuna kidogo cha kufaa.

Nilikaa chini nikashika kichwa. Bi Zaliha akakaa juu ya jiwe karibu yangu.

"Umenikasirikia, fundi."

"Siwezi kukukasirikia, bibi. Naomba mapipa haya yaliyobaki niyachukue kabla hayajafa. Na lile tangi."

"Sijakataa mashine," akasema. "Hata mimi nataka viatu. Lakini baba yangu aliwahi kunyimwa fungu la kichwa kwenye harusi ya ndugu yake, wakampa mbavu. Hawakusemezana mpaka tulipomzika. Leo mimi mtoto wake nibebe fungu la Nzuani nzima, nilipeleke Moroni kwa mikono yangu? Nitapita wapi nikirudi?"

"Waambie watu ni azima tu."

"Fundi, unataka niwaambie watu wangu tumeazima heshima?"

Ukweli nilimwelewa, na hilo ndilo lililonivunja nguvu zaidi. Angekuwa mjinga au mkorofi ningegombana naye nikapata pa kupumulia. Tulipokuwa tunashuka akaniuliza kama nina mke. Nikamwambia ninaye, na nikamwambia ulichoniandikia. Asubuhi nilipokuwa naondoka alinikuta bandarini na kopo la maziwa ya unga, limezibwa kwa nta ya mshumaa pande zote. Ndani kulikuwa na dawa ya kahawia aliyoichota chini ya gamba mwenyewe. "Hili si fungu," akasema. "Hii ni zawadi ya mtu kwa mtu. Mpelekee mkeo viatu uende zako."

Nikarudi Moroni nimelikumbatia kopo lile kama mtoto mchanga. Kalibu nilikuwa nayo tayari, na hapa sasa nikukumbushe jambo. Siku ya kuondoka nilikusimamisha jikoni juu ya gazeti nikauchora mguu wako kwa mkaa, nawe ukacheka kwa kutekenywa mpaka ukanikanyaga mkono. Mchoro ule ndio niliochongea kalibu huku, wa mguu wa kushoto kwanza, na kile kidole chako kidogo kilichomlalia kaka yake nikakichonga vile vile kilivyo. Nilisema kiatu cha kwanza cha nchi hii kiwe kipimo cha Mwanaidi, hata kama hawatajua.

Bwana Mmadi alinipa dawa nzito kidogo. Karakana ikajaa watu. Mashine haikuwepo, kichwa hakikuwepo, nikachanganya kwa ndoo na mwiko, kile kile nilichowaambia hakifai. Nikaipaka kalibu nta, nikapima kwa jicho, nikapekecha kwa nguvu zangu zote, nikamimina, nikakaza kifuniko. Nikashika kalibu ya kulia nimimine na iliyobaki. Dawa ishaganda kwenye mwiko. Si nilisema? Tulipofungua ya kushoto ikatoka soli, Mwanaidi. Laini, nyepesi, inadunda, haina tundu hata moja. Mguu wako, mama. Kidole chako kile pale. Nilikaa chini sakafuni nikalia, na watu wakadhani nalia kwa furaha ya maendeleo yao.

Nikafikiri nimepona. Viatu vikitoka, fundi ataondoka, si ndivyo? Hata kama ni nusu ya jozi. Nikamwendea Bwana Mmadi nikamwambia, niliahidiwa, naomba pasi yangu. Alikuwa ameishika soli anaikunja na kuikunjua, uso unang'aa. "Fundi," akasema, "umetuonyesha kwamba tunaweza bila ya Mutsamudu! Tutaagiza tangi letu la pili na kichwa chetu wenyewe. Huwezi kutuacha sasa."

Nikamwambia hakuna meli ya kuleta vitu hivyo leo wala mwakani, na yeye anajua. Akasema zitakuja. Nikamwambia nina mke ananisubiri. Akaniwekea mkono begani, akaniambia kwa upole ule ule, "Oa na huku, ndugu yangu. Siku hizi ni rahisi, hakuna ng'ombe." Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anatafuta namna ya kunisaidia.

Soli wakaitundika ukumbini mwa kamati, kwenye msumari, juu ya kiti cha mwenyekiti. Watu wanatoka hata mji wa Vouvouni kuja kuitazama. Akina mama wa Majunga wanaigusa kwa kidole, kisha wanaondoka na miguu yao mitupu. Bwana Mmadi anawaambia wageni kuwa ni kipimo cha mguu wa mwanamke wa Ngazija. Mimi napita chini yake kila nikienda kuulizia pasi, nikitoka nimejibiwa subiri kidogo.

Ningeweza kusema nasubiri bado. Lakini juzi wamekuja wajumbe wa Mutsamudu. Habari ziliwafika kwamba Moroni imetoa soli, na ndani ya soli ile mna dawa ya kahawia, na dawa ya kahawia ni fungu la Nzuani. Bi Zaliha hakuwemo. Nasikia wamemtoa kwenye kamati kwa ajili ya lile kopo, na hilo limenikaa moyoni. Wajumbe hawakuja na ugomvi. Walikaa, wakanywa chai, wakaulizana hali za wazazi, kisha wakadai haki yao. Bwana Mmadi akaona dai ni la kweli. Mimi nilikuwa pale, nikamtazama Koko Echata anifasirie tena, labda sikusikia vizuri. Akanifasiria akiwa ameinamisha macho.

Wamekubaliana soli ikatwe. Kisigino kibaki Moroni, vidole viende Mutsamudu. Itakatwa Ijumaa hii baada ya sala, hadharani. Na wamesema akate fundi, kwa sababu yeye ni mgeni, hana upande, hatapendelea.

Koko aliporudi nyumbani alinipikia wali wa nazi, akaniwekea, akakaa mbele yangu. "Mwanangu," akasema, "mkeo alikuuliza swali. Mjibu. Usimfanye naye akae anangoja meli." Nilitaka kumgombeza. Chakula kikapoa, nikatafuta kalamu, maana amesema kweli.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Nimekuacha, Mwanaidi, talaka moja. Nimeitamka kwa ulimi wangu mbele ya Koko Echata na mbele ya mwalimu mmoja wa Dar es Salaam aliyeletwa huku kama mimi, ili mjomba wako asije akasema ni karatasi tu. Ndiye anayekuletea barua hii, yeye wamemruhusu kurudi. Ni moja, si tatu. Nikitokea kabla eda yako haijaisha, sheria inaniruhusu nikurejee. Nakuandikia hilo kwa sababu ndivyo sheria ilivyo, si kwa sababu naona nitatokea. Usikae dirishani. Eda ikiisha, akija mtu mwema anayelala Tanga na kuamkia Tanga, usimfukuze kwa ajili yangu. Hujanikosea kitu. Ulikuwa mke mzuri na mcheshi, na nyumba yako niliipenda, hata moshi wake.

Nisalimie mama, umwambie mwanawe hakuoa Mngazija, na mwanawe anamwombea kifua. Mwambie usiku asikae chini ya lile paa linalovuja. Nisalimie mjomba wako, mwambie amefanya kama mjomba anavyotakiwa kufanya, sina kinyongo naye. Nisalimie kaka yangu mkubwa, ile baiskeli yangu akae nayo, aache kuuliza. Nisalimie na yule jirani yako mkaanga samaki, mchokozi, anayejidai ananijua kuliko wewe. Mwambie safari hii amebahatisha, sirudi.

Nilijaribu kuwaambia wampe mtu mwingine kisu. Nilifika mpaka mlangoni kwa Bwana Mmadi kwa ajili hiyo, kisha nikageuza. Nitakata mimi. Asije akakata mtu asiyeujua mguu ule.

Aliyekuwa mumeo,
Hamisi